Mpe kila programu ufunguo wake

Huduma yako ikiwa inaitwa, yaani inatumiwa maombi, na programu zaidi ya moja, siku mambo yakienda mrama utajiuliza kwanza: ni nani anaita? Sisi hapa Tanga tunatunza huduma ya nafasi za mabasi. Inaitwa na programu ya simu ya abiria, mashine za tiketi za mawakala wa stendi ya Kange, na tovuti ya mshirika mmoja. Jioni moja maombi yalifurika ghafla, mawakala wakawa wanakodolea skrini huku abiria wa Lushoto wamepanga foleni dirishani. Kwenye logi, yaani kumbukumbu ya maombi kwenye seva, karibu kila mstari ulisema okhttp/4.12.0. Hilo ni jina la maktaba (msimbo uliokwisha kuandikwa) ya kutuma maombi, na programu ya abiria na mashine za mawakala zote zinaitumia.

Wengi hapo hukimbilia anwani ya IP, ile namba ya mtandao ambako ombi limetokea. Usiitegemee. Kampuni za simu huwapitisha wateja wengi kwenye anwani moja ya nje, kwa hiyo abiria aliyeko Ngamiani na wakala wa Kange wanaweza kuonekana ni mtu mmoja. Ukiifunga, umewafungia na wasiohusika.

Anza kwa kuitaka kila programu ijitaje: kwenye User-Agent, sehemu ya ombi inayomtaja mwombaji, iandike jina na toleo lake, mfano TiketiWakala/2.3. Kazi yenyewe ni ndogo, usiiahirishe. Lakini hayo ni maneno ya mwombaji mwenyewe, na yeyote mwenye curl, zana ya kutuma maombi kwa mkono, anaweza kujiita hivyo. Ndiyo maana nasisitiza ufunguo, yaani mfuatano wa herufi unaoutoa wewe na unaotumwa na kila ombi: kila programu iwe na wake, seva iukague, kisha jina linaloingia kwenye logi litoke kwenye jedwali lako la funguo na majina.

Funguo hizo hazina uzito sawa. Wa mshirika unakaa kwenye seva yake, kwa hiyo unaweza kubaki siri. Ulio ndani ya programu ya simu si siri hata kidogo, maana mwenye nia atalifungua faili la APK, lile la kusakinishia programu ya Android, na kuusoma. Huo nautumia kuhesabu na kutenganisha maombi tu. Kwenye malipo lazima mtumiaji mwenyewe aingie kwa akaunti yake.

Mshirika na mawakala walipokwisha kuweka funguo zao, maombi yaliyobaki bila ufunguo yakawa ya programu za abiria ambazo hazijasasishwa. Ndizo zilizokuwa zikikosa jibu zinauliza tena papo hapo, bila kupumzika. Tukaziwekea kikomo kwa jibu la 429, la kusema maombi yamezidi, na mawakala wakaendelea kukata tiketi.

Wasio na ufunguo usiwazime siku hiyo hiyo. Wengine ni abiria walioko njiani, kifurushi kimekwisha, na tiketi yao imo humo. Wape muda, angalia idadi yao kila wiki, na ikishapungua vya kutosha ndipo uanze kuwajibu 401, la kusema hawajathibitishwa, pamoja na ujumbe wa Kiswahili wa kuwaambia wasasishe programu.