Malkia wangu ni Flavia

Mmeuliza wiki hii: kati ya malkia na mabinti wafalme wa riwaya za zamani za mapenzi na safari za hatari, nani anastahili kuitwa shujaa? Jibu langu ni Flavia wa Ruritania, na sina wa kumpa nafasi ya pili.

Flavia yumo katika The Prisoner of Zenda, riwaya ya Mwingereza Anthony Hope iliyotoka mwaka 1894. Kwa ambaye hajaisoma, kisa ni hiki. Rudolf Rassendyll, bwana wa Kiingereza mwenye mali na asiye na kazi, anakwenda Ruritania, nchi ya kubuni, kutazama mfalme mpya akitawazwa. Kumbe wanafanana kama mapacha. Usiku wa kuamkia sherehe mfalme ananywa divai iliyotiwa dawa, njama ya Michael, ndugu yake wa baba mmoja anayekitamani kiti. Kulipopambazuka mfalme haamki. Watumishi wake wawili waaminifu, Kanali Sapt na kijana Fritz von Tarlenheim, wanamvalisha Rassendyll mavazi ya kifalme, na taji analivaa yeye. Mfalme wa kweli anafungwa katika ngome ya Zenda. Flavia ni binamu wa mfalme, na wananchi wote wanangoja awe malkia. Anampenda huyu wa bandia akidhani ni yule yule wa siku zote, ila safari hii amekuwa mtu mzima.

Wanawake wengi wa kifalme katika riwaya za aina hii kazi yao ni kutekwa ili waokolewe. Dejah Thoris, binti mfalme wa Mars ambaye Edgar Rice Burroughs alianza kumchapisha mwaka 1912, ana ulimi mkali na moyo wa simba, lakini msomaji anachoka kuhesabu mara anazochukuliwa mateka. Ufalme wake ni pambo la kumfanya mpenzi wake aonekane mkubwa zaidi.

Flavia ufalme anaufanyia kazi. Kuna mahali Rassendyll amemtembelea, wanazungumza, na Michael amefika. Rassendyll anashangaa mbona haingii. Flavia anamwuliza: kwani hujui kwamba hakuna anayeweza kuingizwa kwako ukiwa na mimi? Mwingereza wa watu anasema amesahau, kisha anauliza, je, kama angekuwa na mtu mwingine, Flavia mwenyewe angeruhusiwa? Ndiyo, anajibiwa, kwa sababu mimi ni wa damu ya kifalme. Soma tena hapo. Mfalme anafundishwa adabu za kiti chake, na anayemfundisha hajui kwamba anafundisha. Rassendyll amesomeshwa mambo haya na Sapt kwa haraka ya saa chache. Flavia hakuhitaji kukumbushwa.

Tena kumbukeni uzito wake katika siasa za nchi ile. Mji mkuu, Strelsau, umegawanyika: mji wa kale uko upande wa Michael, mji mpya upande wa mfalme. Anayependwa na pande zote ni Flavia. Ndiyo maana Michael naye anataka kumuoa, na ndiyo maana wazee wa baraza wanamsukuma mfalme amchumbie upesi. Yeye analijua hili vizuri sana, na bado anataka kupendwa kama mwanamke yeyote. Hapo ndipo uchungu wake unapoanza.

Sasa mweke karibu na Nyleptha. Huyu ni malkia katika Allan Quatermain ya H. Rider Haggard, kitabu cha mwaka 1887 ambacho wazee wetu walikisoma kwa Kiswahili. Msafara unaanzia Lamu, unapanda mto Tana, unapigana na Wamasai, hadi nchi ya kubuni ya Zu-Vendis inayotawaliwa na mapacha, Nyleptha na Sorais. Wote wawili wanampenda mgeni mmoja, Sir Henry Curtis. Nyleptha anampata, na mgeni anakuwa mfalme. Sorais anaanzisha vita, anashindwa, anajiua. Nampenda Umslopogaas, yule shujaa wa Kizulu, kwenye ile ngazi na shoka lake, nani asiyempenda? Lakini kwa malkia wale kitabu hiki kinaniudhi. Maelfu ya raia wanachinjana kwa sababu ya mwanamume aliyeingia nchini juzi, na mwandishi haoni kwamba Nyleptha ana lolote la kuwajibia watu wake.

Flavia aliliona. Mfalme akishaokolewa, amedhoofika, na siri imemfikia Flavia, anakutana na Rassendyll kwa mara ya mwisho ndani ya ngome ya Zenda. Njia iko wazi. Wangeweza kuondoka. Anamwambia kwamba kama mapenzi ndiyo kitu pekee, angemfuata hata akiwa amevaa matambara mpaka mwisho wa dunia. Kisha anamkumbusha: kama mapenzi yangekuwa kitu pekee, wewe ungemwacha mfalme afe gerezani. Heshima inamfunga mwanamke pia, anasema, na yangu ni kuwa mwaminifu kwa nchi yangu na ukoo wangu. Abaki, aolewe na mwanamume asiyempenda. Katika riwaya nzima ya mapanga na mahandaki, sijakutana na pigo zito kuliko hilo. Hajiiti mhanga. Anadai sehemu yake ya heshima ile ile ambayo wanaume wote wa kitabu hiki wanasifiwa kwayo.

Baada ya hapo, kila mwaka Fritz anakutana na Rassendyll Dresden akiwa na kisanduku chenye waridi jekundu kutoka kwa malkia.

Najua wapo wanaosema kwamba Rupert of Hentzau, kitabu cha pili cha mwaka 1898, kinamshusha, kwa kuwa barua yake ya mapenzi kwa Rassendyll inaibwa na kuleta vifo. Barua ilikuwa kosa, nakubali. Ila tazameni anavyomaliza. Mfalme ameuawa, Rassendyll ameuawa, na nchi inaamini kwamba Rassendyll, waliyemzika, ndiye mfalme. Flavia anaandikisha juu ya kaburi kwamba ni la Rudolf (jina la mfalme na la Rassendyll pia), aliyetawala mji huu karibuni na anayetawala milele moyoni mwake, na anaweka jina lake: Malkia Flavia. Kila raia anapita na kusoma, na hakuna uongo hata neno moja.

Lawama yangu ni kwa Hope. Kuanzia siku ile Flavia anatawala Ruritania peke yake, bila mume na bila mshauri aliyempenda, na mwandishi anatuachia kurasa chache tu kisha anafunga kitabu. Utawala wenyewe, mabaraza, maadui wa mji wa kale, miaka ile yote, hakuandika. Mimi ningekisoma hicho kabla ya hivyo viwili.