Uliza Babu wa Maabara: Mtoto anatundikiwa chumvi, mama anakatazwa

*Shikamoo babu. Nauza mboga Mbuyuni, hapa Moshi. Mwezi uliopita mwanangu wa mwaka mmoja na nusu aliharisha na kutapika mpaka macho yakamwingia ndani. Hospitali wakamtundikia dripu, nesi akaniambia ni maji ya chumvi. Alipona, namshukuru Mungu. Lakini mimi nina presha, na kila nikienda kliniki naambiwa chumvi ni adui. Mtoto mdogo vile anamiminiwa chumvi kwenye mshipa, mimi mtu mzima nakatazwa hata ya kwenye kachumbari! Nani mkweli? – Mama Mboga, Mbuyuni*

Marahaba mama, na pole kwa kuuguza. Wote wawili ni wakweli, ila kila mmoja amekupa nusu ya maelezo.

Kitu ambacho mwili wako unakilinda usiku na mchana ni uwiano wa chumvi na maji. Ukiuelewa huo uwiano, dripu ya mtoto na katazo la kliniki vinakuwa habari moja.

Ningekuwa bado kazini ningekuita uone kwa macho. Vijana waliokuja kwangu kujifunza kazi niliwaanzishia hapo: mirija miwili ya kioo, mmoja una maji matupu, mwingine una maji yaliyotiwa chumvi gramu 9 kwa lita. Tia damu kidogo kila mrija, tikisa taratibu, subiri. Ule wa chumvi unabaki na ukungu mwekundu. Ukiweka gazeti nyuma yake husomi kitu. Ule wa maji matupu unageuka mwekundu angavu, na gazeti unalisoma vizuri. Ukichukua tone la mrija wa kwanza ukaliweka kwenye hadubini, utaona seli nyekundu, yaani chembe hai za damu, zimekaa salama, kama vitumbua vilivyobonyezwa katikati. Kwenye mrija wa pili huzioni tena. Zimeingiwa na maji, zikavimba, zikapasuka, na rangi yake ikamwagika.

Sababu ni kwamba utando unaozunguka seli unapitisha maji kirahisi kuliko chumvi, na maji hukimbilia upande wenye vitu vingi vilivyoyeyuka. Ndiyo maana hakuna daktari anayetundika maji matupu, hata yawe yametoka mlimani kwenyewe. Gramu 9 kwa lita ndicho kipimo ambacho seli hazivimbi wala hazisinyai.

Usidhani seli imekaa tu inangoja hisani ya dripu. Kwenye utando wake kuna pampu ndogo sana zisizolala: kila mzunguko zinatoa nje chembe tatu za sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi, na kuingiza ndani chembe mbili za potasiamu, madini ndugu yake. Aliyezigundua ni Jens Christian Skou wa Denmark, mwaka 1957, akitumia mishipa ya fahamu ya miguu ya kaa. Mwaka 1997 akapata sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia. (Wanaodharau wanaochezea wadudu maabara wakumbuke huyo kaa.) Sehemu isiyo ndogo ya chakula unachokula inaishia kuendesha pampu hizi, hata ukiwa umelala.

Sasa mtoto wako. Kuharisha hakukumtoa maji peke yake. Kulimtoa maji, sodiamu na potasiamu kwa pamoja. Ungemrudishia maji matupu mengi, damu yake ingezimuka, maji yangeingia kwenye seli, na seli za ubongo zikivimba ndani ya fuvu hazina pa kutanukia. Hapo mtoto anaanza degedege. Kwa hiyo anarudishiwa maji na chumvi yake.

Hata ORS, ile dawa ya unga ya kuchanganya na maji ya kunywa, inafanya kazi hiyohiyo, ila kwa njia ya utumbo, na sukari iliyomo ina kazi zaidi ya kuleta utamu: ukuta wa utumbo hupokea sukari na sodiamu zikiwa zimeshikana, na maji yakafuata. Soma pakiti. Ikiandikwa lita moja, ni chupa mbili za nusu lita, basi. Kina mama wengi hupunguza maji eti dawa iwe kali. Ikiwa na chumvi nyingi kupita kiasi inavuta maji kutoka kwenye seli za mtoto, na hali inakuwa mbaya kuliko mwanzo.

Wewe mama hukupoteza chumvi, unaiongeza. Sodiamu ikipanda kwenye damu, ubongo unakupa kiu na figo zinaambiwa zishikilie maji. Uwiano unapona, lakini gharama yake ni kwamba maji yamezidi ndani ya mishipa, na presha inapanda. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai. Wala usiishie kuilaumu kachumbari. Angalia magadi kwenye makande: nayo ni sodiamu. Angalia viungo vya vipande unavyovunjia kwenye mchuzi, na chumvi ya pembeni ya nyama choma. Mtori, maharage na mchicha wako mwenyewe vina potasiamu, inayosaidia figo kutoa sodiamu; ila kama figo zako zina shida, muulize daktari kwanza.

Na nikiwa hapohapo: wale mnaokwenda zahanati kuomba "dripu ya sukari" kwa sababu mmechoka, nusu lita yake ya kawaida ina gramu 25 za sukari, pungufu ya chupa ya soda. Seli zikishaitumia hiyo sukari, kilichobaki mshipani ni maji matupu. Mnalipia nini?

*Babu shikamoo. Mimi ni mpagazi, natokea Marangu. Mgeni wetu mmoja alikuwa anakunywa maji bila kupumzika, chakula hataki, akaumwa kichwa na kutapika. Tukadhani ni ugonjwa wa mlima. Je, maji yanaweza kuwa ndiyo sababu? – Mgumu wa Marangu*

Marahaba kijana. Yanaweza. Kunywa kupita kiasi bila kula kunazimua sodiamu ya damu, na matokeo umeshayasoma hapo juu. Lakini mlima nao unaleta kichwa na kutapika vilevile, na huko juu hakuna maabara ya kuvitenganisha. Msibahatishe: msimwongezee maji kwa nguvu, mwambieni kiongozi mapema, na akianza kuchanganyikiwa au kuyumba, ateremshwe hata kama ni usiku.