Viwavi kwenye mlimao wa Nyegezi

Dada, umesema mlimao wako hapo Nyegezi una viwavi wa aina mbili, wadogo kama kinyesi cha ndege na wakubwa wa kijani. Ni wamoja hao! Wakiwa wachanga hufanana na kinyesi ili ndege wawapite, wakikua hugeuka kijani. Mguse mmoja kwa kijiti: akichomoza pembe mbili za rangi ya chungwa nyuma ya kichwa, zenye harufu kali, basi atakuwa kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano. Tafadhali usipulize dawa. Mti mkubwa utachipua tena. Kwenye mche, watoe kwa mkono. Wenye manyoya usiwashike, wapo wanaowasha vibaya. Kwenye mahindi, ukiona alama ya Y iliyopinduliwa usoni, huyo ni kiwavijeshi vamizi, mponde hapohapo.