Maswali ya Wanachuo: Bumu, Kubebana na Majina ya Kuprinti

Dada, shikamoo. Niko mwaka wa kwanza hapa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Bumu, yaani hela ya mkopo ya kujikimu, limeingia na wenzangu wote wamehamia kwenye chipsi kuku. Nifanyeje langu lifike mwisho? – Fresha

Marahaba. Aliyepata mkopo wa asilimia zote anahesabiwa shilingi 10,000 kwa siku, za chakula na malazi. Hadi 2022 ilikuwa 8,500. Likija la siku 60, unaona laki sita kwenye simu, na hapo ndipo watu wanapopotea. Lipa chumba siku hiyohiyo, weka kando hela ya fotokopi, kinachobaki uwe unakitoa kila Jumatatu, cha wiki tu. Pasi ndefu, yaani kuunganisha milo, ipige ikibidi: chapati maharage saa nne, wali saa kumi na moja. Ila usiifanye ya kila siku, utasinzia darasani. Simu mpya isubiri. Hela hiyo ni deni, na ukiajiriwa utakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi.

Nimembeba rafiki yangu aliyekosa chumba, tunalala kitanda kimoja. Anarudi saa saba usiku kutoka kupiga msuli (kujisomea), ananiamsha nisogee, asubuhi anaogea maji niliyoyapangia foleni. Nikisema, ataona namfukuza. – Mbebaji

Kubebana kumewakuta kaka zenu na dada zenu, na hosteli za Magufuli za hapa Mlimani zilizofunguliwa 2017 zenye nafasi 3,840 hazijakumaliza. Kwa hiyo sikulaumu kwa kumbeba. Ninachokulaumu ni kunyamaza. Mbebwa ana adabu zake: anakuja na ndoo yake, analala mzungu wa nne, kichwa chake miguuni kwako, bila kuombwa, na hapokei wageni kwenye kitanda kisicho chake. Kama hakufundwa, mfunde wewe. Usimwambie saa saba usiku mbele ya wenzenu wa chumba, atatahayari na mtagombana. Mkute mchana, mnunulie hata soda, umpe mambo matatu: kurudi kabla ya saa tano, maji yake mwenyewe, na tarehe ya kuondoka. Chumba cha kuchangia watu wawili watatu kinapatikana mitaa ya jirani, Msewe au Changanyikeni, akitafuta kweli. Wenzako wa chumba nao uliwauliza? Maana msimamizi akipita, anayeandikwa jina ni wewe mwenye kitanda.

Kundi letu la asaimenti lina watu kumi, tunaofanya kazi ni wawili. Wengine wanatuma majina siku ya kuprinti.

Kikao cha kwanza, gaweni vipengele na muandike kwenye grupu la WhatsApp nani ana kipi, kila mtu aone. Asiyeleta chake, jina lake halichapwi. Watanuna, hasa yule mwenye mdomo. Mkiogopa kulikata, basi siku ya kuwasilisha mwacheni asimame aeleze kipengele chake mbele ya mwalimu.

Koili ya kuchemshia maji chumbani ina ubaya gani?

Inaunguza bweni.

Nina madesa, yaani notsi na mitihani ya zamani, ya miaka mitatu nyuma. Kuna haja ya kwenda lekcha? – Mzee wa Desa

Nenda. Desa ni zuri kwa kujipima, lakini mwalimu akibadilika na maswali yanabadilika. Tena kozowaki, alama za kazi za muhula, ni 40 na UE, mtihani wa mwisho, ni 60, na testi za kushtukiza hutangazwa palepale kwenye kumbi za mihadhara za Yombo, mara nyingi dakika za mwisho, wakati wewe umelala na desa lako kifuani.