Tovuti ya safari inayoandikwa na wasafiri wenyewe: watu utawapata wapi na watabakije

Mkuu, swali lako nimelielewa hivi: umefungua tovuti ya safari, unataka wasafiri wenyewe ndo waandike, umeshaweka kurasa za karibu kila nchi ila nyingi ni tupu na hakuna anayeingia, sasa unataka kulipia matangazo. Nimesimamia tovuti ya namna hiyo kwa miaka kadhaa, kwahiyo nakujibu kwa niliyoyaona.

Matangazo weka pembeni kwanza. Mtu akibonyeza tangazo akakuta jina la mji na chini yake "kuwa wa kwanza kuandika" anatoka hapohapo na harudi tena, na hela ishaenda. Hizo kurasa tupu zifute, au zizuie zisiingie Google mpaka ziwe na kitu. Baki na eneo dogo sana au aina moja ya safari, mfano kuvuka mipaka kwa basi, au kusafiri na mtoto mchanga, au kusafiri ukiwa unatumia kiti cha magurudumu, halafu hapo pajaze kwelikweli. Sisi tulishika usafiri wa nchi kavu tu, hoteli hatukugusa, maana TripAdvisor ipo tangu 2000 na kwa wingi wa maoni ya hoteli huifikii. Lakini mtu anayeuliza basi la mwisho linafika mpakani saa ngapi na nikikuta pamefungwa nalala wapi, huyo saiti kubwa hazimjibu vizuri, na yuko njiani anahitaji jibu leo, ukimsaidia anakukumbuka.

Sasa kwenye kuandika ndo wengi wanakwama. Wanaomba watu makala. Jakob Nielsen, mtaalamu wa namna watu wanavyotumia tovuti, alishaeleza 2006 kwamba kwenye jamii nyingi za mtandaoni asilimia kama 90 wanasoma tu, 9 wanachangia mara mojamoja, na 1 ndo wanabeba karibu kazi yote, na kwetu ilikuwa hivyohivyo kabisa. Msafiri amechoka, ana simu yenye chaji kidogo, hawezi kukuandikia kurasa mbili. Ila akisoma kwako kwamba nauli ni kiasi fulani halafu stendi akatajiwa nyingine, hilo linamkera na yuko tayari kulisema muda huohuo. Basi mrahisishie. Kila habari iwe na tarehe ya mara ya mwisho kuthibitishwa, na chini yake vitufe viwili tu, "bado iko hivi" na "imebadilika", akibonyeza cha pili kinafunguka kisanduku kimoja anaandika sentensi moja anatuma, bila kujisajili wala nywila. Kujisajili mwombe baadaye, akishatuma, mwambie ukitaka jina lako lionekane weka barua pepe hapa. Halafu, na hili nalisisitiza kuliko yote, lile rekebisho lishughulikiwe haraka, siku hiyohiyo ukiweza, na umwandikie kwamba limeingia, na mtu mwingine akilithibitisha wiki zinazofuata mjulishe tena. Nimeona watu waliotuma sentensi moja wakirudi kuangalia kama bado iko sahihi, baadae wanaanza kujibu maswali ya wengine, mwisho unawaomba wawe wasimamizi wa njia fulani na wanakubali kwa furaha. Hao wachache walee, waulize maoni kabla hujabadilisha muundo wa saiti, usiwape taarifa baada ya kufanya.

Upande wa Google, kichwa cha ukurasa kiwe swali lenyewe kama watu wanavyoliandika, na jibu liwe juu kabisa, hadithi zije chini. Desemba 2022 Google waliongeza kigezo cha uzoefu wa mwandishi mwenyewe kwenye mwongozo wa wakaguzi wao wa ubora, kwahiyo aliyepita njia hiyo aonekane: alipita mwezi gani, alitumia chombo gani, picha kapiga mwenyewe. Na tarehe usiibadilishe kama habari haijabadilika, wasomaji wanagundua na wanaacha kukuamini. Siku hizi pia wengi wanapata jibu kwenye matokeo ya utafutaji bila kufungua saiti, kwahiyo anza mapema kukusanya barua pepe, utume muhtasari wa njia zilizobadilika tu.

Suala la nani anamiliki kinachoandikwa liamue leo. Wikitravel, mwongozo wa safari ambao yeyote anaweza kuuandika, ilianza 2003, ikauzwa kwa kampuni 2006, na kwa vile maandishi yalikuwa chini ya leseni huru ya Creative Commons, inayoruhusu yeyote kunakili, wachangiaji wa Kijerumani waliondoka na nakala wakaanzisha Wikivoyage, baadae wachangiaji wa Kiingereza na wengine wakafuata na Januari 2013 ikazinduliwa rasmi chini ya Wikimedia, shirika la Wikipedia. CouchSurfing nayo, mtandao wa wasafiri kulala bure kwa wenyeji, 2011 iligeuka kampuni ya faida, wanachama wengi waliumia sana. Watu wa safari wanazijua hizi habari, watakuuliza. Andika wazi leseni gani, wanaweza kuchukua nakala vipi, na wewe utapata hela kwa njia ipi. Ukichukua maandishi ya Wikivoyage taja chanzo na ubaki na leseni ileile, na ramani za OpenStreetMap, zinazochorwa na watu wa kujitolea, lazima uwataje wachangiaji wake.

Trafiki ikipanda wenye biashara watakuja kujisifia wenyewe. Posti za kwanza za mgeni zenye linki zisubiri msimamizi azipitie, na linki zote za wachangiaji ziwekewe alama ya "ugc" (yaani imewekwa na mtumiaji, si na wewe mwenye saiti) ambayo Google waliileta 2019, hapo spamu inakosa faida. Picha nazo ziondolewe taarifa za GPS kabla ya kupandishwa kwenye saiti, maana simu nyingi zinahifadhi mahali ilipopigwa, na wako wanaosafiri peke yao ambao hawatakiwi kujulikana walipolala usiku huo.

Sasa mkuu tuambie, kati ya hizo nchi zote ni njia ipi umeipita mwenyewe hivi karibuni? Anza na hiyo, andika kila ulichokiona mpaka choo cha stendi, halafu iweke hapa tuipitie.