Mama wa Majengo, pokea tu

Shikamoo mama. Umeuliza kama ni sawa kuendelea kupokea makoti na viatu anavyokutumia binti yako aliye Kyiv, ilhali majirani hapo Moshi wanasema unamla mtoto aliye vitani. Pokea. Kwake, kukufungia mzigo huenda ndiyo shughuli pekee ya wiki isiyohusu ving'ora. Ukimkatalia, atadhani umeshaanza kumlilia. Ila usiagize kitu, hata nguo za Krismasi za wajukuu (na wewe unajua walivyo wasumbufu).

Mzigo ukichelewa, tulia. Anga ya Ukraine imefungwa kwa ndege za kiraia tangu Februari 2022, kwa hiyo kifurushi hutoka kwanza kwa barabara au reli, ndipo kipate ndege nchi jirani. Na mtu akikupigia kudai kimekwama Dar, utume hela kwenye namba yake, huyo ni tapeli: nenda Posta mwenyewe na kitambulisho, ushuru ukiwepo dai risiti.

Ukishapokea, vaa, piga picha, mtumie siku hiyohiyo. Umeme ukiwa umekatika kwao, ataiona ukirudi. Habari za nyumbani usimfiche. Hata ndizi za kihambani zikiangushwa na upepo, mwambie.