Binti yangu wa fomu wani anaandika 3a + 2b = 5ab, nimsaidieje?

Dada nimesoma swali lako, kwamba mtoto la saba hesabu alikuwa anapiga vizuri tu, kaingia fomu wani kila akiona 3a + 2b anaandika 5ab, na akiuliza kakosea wapi anajibiwa "hizo hazijumlishwi" basi. Nimefundisha twisheni ya jioni pale nyumbani miaka kadhaa na hilo kosa nimelikuta kila mwaka, uvumilie naandika kirefu.

Mimi chanzo naona ni ile habari ya matunda. Mtoto anaambiwa a ni maembe, b ni ndizi, maembe na ndizi hayachanganyiki. Anaelewa siku hiyohiyo moja, kesho yake anakutana na ab, sasa embe mara ndizi ndio nini? Hata mimi nilikuwa nafundisha hivyo mpaka binti mmoja akaniuliza hilo swali mbele ya wenzake nikakosa jibu, toka siku hiyo nikaacha kabisa.

Herufi ni namba, ila bado hujaambiwa ni ngapi. Kwa hiyo mwambie a ni BEI ya embe moja na b ni bei ya ndizi moja, halafu mtume gengeni. 3a + 2b ni hela atakayolipa akichukua embe tatu na ndizi mbili. Embe ikiwa 500 na ndizi 200, analipa 1,500 + 400, yaani 1,900. Sasa mwambie apige ile 5ab yake: 5 × 500 × 200 = 500,000. Laki tano kwa embe tatu na ndizi mbili! Atakataa mwenyewe, hutakuwa na haja ya kumbishia. Ila 3a + 2a hapo sawa, embe tatu na nyingine mbili kwa bei ileile ni 5a, embe iwe mia tano iwe elfu.

Hapo ndipo kurahisisha kunapoeleweka, ni kuandika kwa kifupi kitu ambacho jibu lake halibadiliki hata ukiweka namba gani. Na hiyo inampa mtoto njia ya kujisahihisha bila kumsubiri mwalimu. Chukua 7 − 2(x − 3). Wengi wanafanya 7 toa 2 kwanza wanapata 5(x − 3), wengine wanaandika 7 − 2x − 6. Mwambie aweke x = 5 kwenye swali lenyewe: mabano yanatoa 2, mara 2 ni 4, 7 toa 4 ni 3. Haya 5(x − 3) inatoa 10, imekufa. 7 − 2x − 6 inatoa −9, nayo imekufa. 7 − 2x + 6, yaani 13 − 2x, inatoa 3. Asitumie 0 wala 1 kujaribia maana hizo zinaficha makosa, x na x² zote zinalingana hapo.

Kwenye kuweka namba kuna mtego mwingine, ukimwambia x = 4 tafuta 2x anaandika 24. Sio mzembe, miaka yote ya msingi namba mbili zikikaa pamoja zilikuwa makumi na mamoja, hakuna aliyemwambia kwamba alama ya mara imeachwa tu isiandikwe. Namba akiiweka aifungie kwenye mabano, 2(4), na x = −3 kwenye x² iwe (−3)², inakuja 9 sio −9.

Halafu ile MAGAZIJUTO ya la saba (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa), nzuri ila mwangalie sana kwenye JU na TO. Kuna watoto wanaamini kujumlisha lazima kutangulie kutoa, ukiwapa 10 − 4 + 3 wanajumlisha 4 na 3 kwanza wanapata 3, wakati jibu ni 9. Kujumlisha na kutoa zina cheo kimoja, unaanza kushoto unaenda kulia, na kugawanya na kuzidisha vilevile.

Anza na hiyo ya gengeni leo, mengine ya kesho. Akikwama tupia hapa picha ya daftari lake, ule ukurasa wenye makosa na asifute kitu, nitaona anavyofikiri.